Mtoto wa wiki 7 amezoea chupa, nataka arudi kwenye titi. Nianzie wapi?

MamaKifunguaMimba

Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri, hasa kwa mliowahi kupita hapa nilipo.

Nina mtoto wa kiume, ndiye wa kwanza, ana wiki 7. Nilijifungua kwa upasuaji. Siku za mwanzo alikuwa na manjano na analala muda wote. Nikimweka kwenye titi anavuta mara mbili tatu, usingizi unamchukua. Maziwa yalipoanza kutoka vizuri chuchu zilikuwa zimeshapasuka, kila akishika nauma meno kwa maumivu. Siku ya 6 akapimwa uzito, amepungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa. Tukaambiwa tumwongezee maziwa ya kopo. Nilikubali na sijutii, mtoto alihitaji kula. Ila ile nyongeza ndiyo ikawa chakula chenyewe, na kufikia wiki ya 3 alikuwa wa chupa tu.

Sasa nimepona. Mshono umefunga, chuchu hazina kidonda. Lakini nikimpa titi anajipinda mgongo, ananisukuma na vimikono vyake, analia mpaka sauti inakauka. Nikileta chupa ananyamaza hapohapo. Nakamua kwa mashine mara 3 kwa siku, zote kwa pamoja napata kama mililita 80. Yeye kwa siku anakunywa karibu mililita 700. Juzi alikuwa na kilo 4.7.

Je, inawezekana kumrudisha, au ameshanikataa? Kinachoniumiza zaidi ni usiku. Namlisha chupa huku nasikia matiti yanachomachoma na nguo inalowa.

MkungaWaZamu

Hongera kwa mtoto, na pole kwa mwanzo huo. Mimi ni mkunga, nimekaa na akina mama wengi waliokuwa na hali kama yako. Inawezekana. Wapo walioacha kabisa kwa wiki kadhaa wakarudisha maziwa, na wewe hata hujaacha, bado unakamua. Umri wake nao unakusaidia. Mtoto mdogo hurudi kwa urahisi kuliko wa miezi mingi.

Hilo neno "amenikataa" naomba uliweke chini. Mtoto wa wiki 7 hawezi kumkataa mama yake. Analilia mwendo wa maziwa. Chupa ikigusa mdomo maziwa yanashuka papo hapo. Kwenye titi anatakiwa avute kwanza kidogo ndipo yaachiliwe. Na huko kuchomachoma unakokusikia usiku ni homoni ya oksitosini inayobana vifuko vya maziwa ili yatoke. Maana yake mwili wako unamwitikia mtoto hata akiwa na chupa mdomoni.

Kabla sijasema la kufanya nijibu haya: Kuna mtu amemwangalia chini ya ulimi? Unakamua saa ngapi, usiku je? Kwa siku analowesha nepi ngapi? Na unatumia dawa yoyote, hata ya uzazi wa mpango?

MzaziWaWanne

Mdogo wangu, ficha chupa zote siku mbili. Njaa ikimshika vizuri atanyonya tu. Wa kwangu wa pili nilimfanyia hivyo na alishika.

MamaPacha

Dada hapo juu, nakuheshimu, ila hapa nakupinga waziwazi. Huenda wewe ulikuwa na maziwa ya kutosha. Huyu ana mililita 80, mtoto anahitaji 700. Akificha chupa mtoto atanyonya nini? Mtoto mwenye njaa kali hana subira ya kujifunza kitu kipya, na akikaa na njaa anachoka, anavuta kwa unyonge zaidi. Pacha wangu mmoja alifikishwa huko kwa ushauri kama huu, tukarudi naye wodini akiwa amekaukiwa maji. Mtoto ashibe kwanza, mengine yafuate.

Na wewe mama, usije ukazimua maziwa ya kopo kwa maji ili asikie njaa haraka. Yachanganye kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, siku zote.

MzaziWaWanne

Nimekuelewa, na pole sana kwa yaliyokupata. Nilisema nilichofanya bila kuangalia hesabu yake ya maziwa. Naufuta ushauri wangu.

MamaKifunguaMimba

Asanteni. Mkunga, ulimi hajaangaliwa. Nakamua asubuhi, mchana na jioni, usiku nalala. Nepi ni 7 au 8 kwa siku, zimelowa vizuri. Dawa, nimeanza vidonge vya uzazi wa mpango kwenye kliniki ya wiki 6. Kwenye pakiti nimesoma estrojeni na projestini. Wakati ule niliwaambia simnyonyeshi.

MkungaWaZamu

Umefanya vizuri kusoma pakiti. Estrojeni inaweza kupunguza maziwa. Rudi kliniki uwaambie sasa unataka kunyonyesha, watakubadilishia njia isiyo na estrojeni, zipo kadhaa. Usikae bila kinga wakati unasubiri, wala usichukue vidonge vya kuongeza maziwa kwa kusikia tu. Hivyo vina madhara yake, vingine hugusa mapigo ya moyo, na ni vya daktari kuamua. Siku hiyohiyo waombe wamwangalie ulimi. Utando wa chini ukiwa mfupi mno ulimi hauwezi kujitokeza kushika titi, mama anapasuka chuchu na mtoto anachoka bila kushiba. Historia yako ina dalili hizo, ingawa manjano na usingizi peke yake vingetosha kuileta.

Sasa maziwa. Titi hutengeneza kadiri linavyotolewa. Maziwa yakikaa ndani, titi linapewa ishara ya kupunguza. Mara 3 kwa siku ni kuliambia titi kwamba mtoto ni mdogo sana. Lenga mara 8 hadi 10 kwa saa 24, na angalau mara moja katikati ya usiku, kwa sababu prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku. Dakika 10 hadi 15 kila titi zinatosha. Ukimaliza na mashine, kamua kwa mkono dakika chache: kidole gumba juu, vidole vingine chini, nyuma ya ile sehemu nyeusi, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usivute chuchu. Wengi hupata matone mazuri pale mashine ilipoishia. Usihesabu mililita kila mara, utavunjika moyo. Angalia jumla ya siku. Siku 4 za kwanza hazitakuonyesha kitu.

Mtoto naye usimpambanishe na titi. Mvue abaki na nepi, wewe kifua wazi, mlaze juu yako umejiegemeza nyuma, ngozi kwa ngozi, kwa muda mrefu, bila kumdai anyonye. Akitafuta mwenyewe mwache atafute. Akilia mwondoe, mtulize, msisubiri mpaka wote mnalia. Nataka titi liwe mahali anapotulia tena, hilo ndilo la kwanza.

Ukimjaribu, chagua wakati ametoka usingizini nusu, kabla njaa haijampanda. Mpe theluthi ya chupa kwanza, kisha titi, kisha mmalizie. Kamua kidogo kabla hujamweka ili tone la kwanza limkute mdomoni. Pua ielekee chuchu, subiri afungue mdomo kama anapiga miayo, ndipo umlete yeye kwenye titi. Kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ukunjuke nje, na ile sehemu nyeusi ionekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Ikiuma baada ya sekunde chache, mtoe kwa kuingiza kidole pembeni mwa mdomo, uanze upya. Usimkamate kisogo na kumsukumia. Hapo ndipo wengi hujifunza kujipinda.

Chupa nayo ibadilike. Tafuta chuchu ya chupa inayotoa polepole, mkalishe wima kidogo, chupa ilale karibu usawa, kila baada ya kumeza mara kadhaa mpumzishe.

MamaWaMrija

Wa kwangu alirudi akiwa na wiki 10, kwa hiyo nakuambia ninachokijua kwa mikono yangu. Kilichotuokoa ni mrija. Muuguzi alinipa mrija mwembamba wa kulishia watoto, namba 5. Ncha moja inaingia kwenye kikombe chenye maziwa, nyingine unaibandika kwa plasta laini ya ngozi ifike sambamba na chuchu. Mtoto akishika anashika vyote viwili. Akivuta, maziwa yanakuja mara moja kama kwenye chupa, ila mdomo uko kwenye titi, na titi linapata ile kazi ya kunyonywa ambayo mashine haiwezi kuiiga. Ukiinua kikombe yanakwenda kasi, ukishusha yanapungua. Nilikuwa naanza juu, akishatulia nakishusha, mlo mzima kama nusu saa. Osha mrija mara tu mkimaliza, upitishe maji ya moto yenye sabuni, suuza, chemsha, na ubadilishe mara kwa mara.

Siku za kwanza ni usumbufu mtupu. Maziwa yalimwagika kila mahali, plasta inabanduka, mtoto amekasirika. Siku ya tatu nikamwomba mume wangu ashike kikombe, mambo yakabadilika. Ukikosa mrija, mtu mwingine anaweza kudondosha maziwa juu ya titi kwa kijiko, yatiririke mpaka mdomoni mwake.

BabaWaZamuYaUsiku

Kwa upande wetu akina baba: mara 8 za kukamua ni saa nyingi, na vyombo vya mashine vinataka kuoshwa kila mara. Hiyo kazi ya kuosha, kuchemsha na kuandaa chupa ya usiku niliichukua yote. Mama abaki na mtoto na titi. Kama kuna mtu nyumbani kwako, mpe kazi kwa jina lake, usisubiri ajitolee.

MamaKifunguaMimba (siku ya 5)

Nimebadilishiwa vidonge. Ulimi umeangaliwa, hauna shida. Nakamua mara 8. Jumla ya jana ni mililita 95. Yaani nimeamka usiku siku zote hizi kwa mililita 15! Na titi bado analia. Ngozi kwa ngozi anapenda, analala kifuani kwangu kabisa, lakini nikigusisha chuchu tu anaanza. Leo nimelia kuliko yeye.

MamaWaMrija

Pole mwaya. Siku yangu ya 5 ilikuwa hivyohivyo. Kulala kifuani kwako ni hatua, juzi ulisema anakusukuma. Acha kumpa titi mchana kwa siku mbili, mpe kifua tu. Jaribu saa tisa au kumi usiku akiwa amesinzia, taa imezimwa, unamtembeza chumbani taratibu. Watoto wengi hushika usingizini walichokikataa macho makavu.

MkungaWaZamu

Na wewe ule, unywe maji kwa kiu yako, ulale akilala. Kama kulia kunakuja kila siku, au unaona huna thamani, mwambie mhudumu wa afya ana kwa ana, usingoje umalize mpango huu. Ukiona sehemu ya titi imekuwa ngumu, nyekundu na ya moto, una homa, nenda kituo siku hiyohiyo, ila usiache kutoa maziwa.

MamaKifunguaMimba (siku ya 16)

AMESHIKA. Saa kumi usiku, amesinzia, niko natembea. Nikasikia kameza. Kisha kameza tena. Niliogopa hata kukaa chini. Dakika 9. Tangu hapo ni kila usiku, na siku mbili hizi hata asubuhi akiamka, kwa mrija. Ninachokamua sasa ni mililita 260 mbali na anachonyonya. Uzito kilo 5.1. Je, nianze kupunguza kopo? Nitajuaje anapata kweli?

MkungaWaZamu

Nimefurahi sana! Msikilize: mwanzoni anavuta harakaharaka, kisha anavuta kwa kina na kumeza kwa sauti ndogo, anapumzika, anarudi. Kumeza kukipungua, bana titi polepole kwa kiganja, kukikoma mhamishie la pili.

Kopo punguza mililita 50 katika jumla ya siku, kwa siku nzima, si kila mlo. Kaa hapo siku mbili tatu. Nepi zilizolowa zisishuke chini ya 6, na kila wiki apande angalau gramu 125. Zikitimia, punguza 50 nyingine. Zisipotimia, rudisha ulichotoa bila kujilaumu. Mdomo kukauka, utosi kubonyea, au usingizi usioamshika, mpeleke hospitali mara moja.

NusuKwaNusu

Niongeze la kwangu. Mimi sikufika kwenye titi tupu. Nilifika mahali ananyonya usiku na asubuhi, mchana chupa, na tukaendelea hivyo mpaka akafikisha mwaka na nusu. Mwanzoni niliona nimeshindwa. Baadaye niliacha kupima. Mililita zake 200 za titi alizipata kila siku.

MamaKifunguaMimba (wiki ya 5 tangu nianze)

Kopo limebaki mililita 200, na tunampa jioni tu. Mrija nimeuweka kando siku ya nne leo. Wiki hii amepanda gramu 160. Alasiri bado ananigomea, anashika, anaachia, analia, anashika. Hapo nifanyeje?

MkungaWaZamu

Saa hizo titi huwa laini na maziwa yanakuja polepole, tena watoto wengi wa umri huo husumbuka jioni. Mhamishe titi hili hadi lile mara nyingi, hata mara nne, bana kila anapoacha kumeza. Akikataa kabisa mbebe kifuani, utembee naye, umjaribu tena baada ya dakika 20. Ile chupa ya jioni usiiondoe wiki hii.