Nimerudilia Titanic: mule ndani kweli ni ipi, na nimuonyeshe mutoto?

MamaWaKeshero (Goma)

Jambo yenu wote, niko na swali juu ya Titanic, ile ya James Cameron ya 1997, ya Jack na Rose. Niliionaka mara ya kwanza mu sal ya video kule Birere, mbele ya volkano ya 2002, tulikuwa bado wasichana, ilikuwa kaseti mbili na ya kwanza ikiisha tulikuwa tunabaki kimya mu giza tunangoja waweke ya pili. Wakati ule tulikuwa tunamulilia Jack tu. Hii juma dada yangu mudogo ameniletea yote mu fleshi, masaa matatu na zaidi, nikaikaa mpaka mwisho na machozi yametoka pahali pengine kabisa.

Yametoka kwa ule mama wa klasi ya tatu mwenye analalisha watoto wake wawili na kuwasimulia hadisi wakati maji inapanda, sababu ameshajua hawatatoka. Zamani hata sikumuona. Yametoka tena pahali mashua zinashushwa na nafasi ingali ndani, na watu wako kule chini nyuma ya milango ya vyuma. Tangu ile mashua ya kutoka Minova izame mbele ya Kituku, bandari ya hapa Goma, mwezi wa kumi 2024, karibu kabisa na kufika, watu wa bandari wanaona na macho yao, na wale wote walipita mu ziwa juu barabara ilikuwa imefungwa na vita, mimi siwezi tena kuangalia watu mu maji nikasema ni sinema tu.

Kitu ingine ni mama ya Rose. Nilikuwaka namuchukia ule mwanamuke kabisa. Sasa pale anamufunga Rose korse na kumukumbusha kama pesa imeisha, baba amekufa amewaachia madeni na jina kubwa tu, nimeona mutu mwenye anaogopa. Sisemi amefanya vizuri, kumutoa mutoto kwa mwanaume kama Cal, ule muchumba tajiri, hapana. Lakini hapa kwetu tunajua nyumba zenye binti mukubwa anaolewa mbiombio ili wadogo wasome, na mama zao si wanyama.

Sasa wenye kujua munisaidie, ni nini ilipitaka kweli mule na nini wametunga? Binti yangu wa miaka 12 alipita akaona kidogo, anauliza kama Jack alikuwaka mutu wa kweli na sina jibu. Na yeye mwenyewe nimuachilie aangalie yote ama ningoje, juu ya ile pahali Jack anamuchora Rose uchi?

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)

Mama wa Keshero, jambo. Nafundisha historia na kila mwaka kuna mwanafunzi anauliza hilo la Jack. Jack na Rose wametungwa na Cameron mwenyewe, Cal pia, mama ya Rose pia. Kuna kaburi kule Halifax, Canada, limeandikwa J. Dawson na watu walitoka sinema wakaenda kuweka maua pale, lakini yule ni Joseph Dawson, kijana aliyekuwa anafanya kazi ya makaa chini ya meli, alikufa kweli usiku ule na hana uhusiano na hadithi ya filamu. Mimi naona binti yako angepaswa kumjua huyo pia, maana wale wa makaa ndio walikuwa wanaifanya ile meli itembee na sisi tunabaki na picha ya wale wa juu wanaokula.

Wa kweli ni kapiteni Edward Smith, Thomas Andrews aliyeichora meli na akabaki ndani yake, Margaret Brown yule mwanamke tajiri mwenye moyo, na Bruce Ismay mkubwa wa kampuni aliyeingia mashua na kupona. Wapiga muziki walikuwa 8, mkubwa wao Wallace Hartley, wote wamekufa.

Lakini wale wawili wazee wanaolala kitandani wameshikana na maji inaingia, unakumbuka? Filamu inawapa sekunde chache tu, na kwangu mimi mapenzi makubwa ya Titanic yako pale. Cameron aliwatoa kwa Isidor na Ida Straus. Isidor alikuwa mmoja wa wenye duka la Macy's kule New York. Mama Ida alikuwa na miaka 63, wakamwambia aingie mashua namba 8, akakataa, akasema wameishi pamoja miaka yote hiyo na pahali mume anaenda naye anaenda. Koti yake ya manyoya akampa mfanyakazi wake Ellen Bird, akamwambia wewe ingia, mimi sitaihitaji tena. Kitanda kimetungwa, watu waliwaona juu wamekaa kwenye viti pamoja. Mwili wa mzee ulipatikana, wa mama haukupatikana kamwe. Kwa hiyo mtu akikuambia ile pahali Rose anaruka kutoka mashua kurudi ndani ya meli haiwezekani, mwanamke wa hivyo hayuko, mwambie alikuwako, na alikuwa bibi.

Kuna kitu kimoja filamu imekosea na kinaniuma. Yule afisa William Murdoch, wanaonyesha anapiga abiria risasi halafu anajiua. Hakuna ushahidi wa hakika kuwa ni yeye. Watu wa mji wake Dalbeattie, Scotland, walikasirika sana, na 1998 mkubwa mmoja wa ile studio akaenda mpaka kule kuomba radhi na kuleta pauni 5000 kwa shule yao. Mtu wa kweli, jina la kweli, ndugu zake wangali hai, haifai kumtungia kifo namna ile kwa sababu ya sinema.

Himbi_Nanou (Goma)

Dada, kwa ule mubao wenye kila mutu anabishania, wenye Rose anapandia juu na Jack anabaki mu maji mpaka anakufa, Cameron mwenyewe alifanya majaribio na watu wa sayansi, yakapita ku televizyo 2023 kwa National Geographic, na mu jaribio moja Rose na Jack wote wawili walipata namna ya kutoa kifua inje ya maji. Kwa hiyo labda wangeweza. Lakini yale maji yalikuwa digri mbili chini ya sifuri na wale hawakuwa na wakati wa kujaribu mara ine kama mu piscine. Mimi napenda Jack afe. Kama angepona tungeisahau.

BotiZaZiwa (Goma)

Mama wa Keshero aksanti kwa kutaja Kituku, mimi ni mutu wa boti hapa ku ziwa na ile siku sitaki kuielezea hapa. Nataka kujibu juu ya mashua tu sababu hii njo kitu watu wanafikiri filamu imeongeza chumvi, na haikuongeza.

Titanic ilikuwa na watu zaidi ya 2200 na mashua 20, zote zikijaa ni nafasi 1178. Na ilikuwa inafuata sheria! Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilikuwa inahesabu tani za meli, haihesabu watu, na ilisimama ku tani 10,000, meli yote yenye kupita pale ilitakiwa mashua 16. Titanic ilikuwa na tani 46,000. Sheria iliandikwa mbele meli kama ile zijengwe na hakuna mwenye alisimama kuibadilisha, wakaweka 4 za kuongeza wakaona wamefanya vizuri zaidi ya sheria. Halafu hata zile hazikujazwa, mashua namba 1 yenye nafasi 40 ilishuka na watu 12. Ile meli iligonga barafu saa tano na dakika 40 usiku wa tarehe 14 mwezi wa ine 1912 na ikaenda chini saa nane na dakika 20, ni karibu masaa mawili na dakika 40, wakati ulikuwako wa kushusha watu wengi zaidi.

Kwa klasi ya tatu, vyuma vilikuwako sababu sheria ya Marekani ilitaka wahamiaji watengwe, waliogopa magonjwa. Lakini kilichowaua zaidi ni kwamba mashua zilikuwa juu kwa klasi ya kwanza na ya pili, na wao hawakuonyeshwa njia, wengine hawajui Kiingereza, wanazunguka mu korido na watoto na mizigo. Klasi ya kwanza walipona zaidi ya 60 kwa kila 100, klasi ya tatu karibu 25. Na uchunguzi wa Uingereza baadaye ukasema hawakubaguliwa, wakati hawakumuita hata abiria mumoja wa klasi ya tatu aje aseme. Hiyo mimi inanikasirisha mpaka leo.

Kitu filamu haikuonyesha ni meli Californian, ilikuwa imesimama pale karibu sababu ya barafu, mwenye redio yake alizima akalala, na wale wa Titanic wanaita wanaita. Carpathia njo ilisikia na ilikuwa mbali, ikafika asubuhi ikaokota watu karibu 700. 1914 kule London wakaandika mapatano, mashua ya kila mutu, redio isilale. Watu 1500 walikufa njo iandikwe. Kwa hiyo minaomba kila mutu mwenye anapanda boti hapa, mama, mwanafunzi, mutu wa soko, avae jile, ile koti ya kuelea mu maji, tangu anapanda, na boti ikijaa ashuke angoje ingine hata kama amelipa.

Lushois_Kenya (Lubumbashi)

Jambo yenu bote. Minaona munasema ba Straus, ba Murdoch, na hakuna mwenye anataja Joseph Laroche. Mama wa Goma, kama utaambia mutoto wako hadisi moya ya Titanic, minaomba ikuwe hii.

Laroche alikuwa mutu mweusi wa Haiti, alizaliwa Cap-Haïtien 1886, akaenda Ufaransa eko kijana kusoma enjenyeri kule Beauvais. Akapenda muzungu moya, Juliette Lafargue, bakaoana 1908. Diplome alikuwa nayo lakini kazi ya muzuri hakuna, rangi njo ilikuwa inamufungia milango, na kama anapata wanamulipa kidogo. Babinti wawili, Simonne na Louise, na Louise alizaliwa mbele ya wakati, kila mara anagonjwa, dawa, munganga, feza. Juliette akapata mimba ya tatu. Njo Laroche akasema turudie kwetu Haiti. Walikuwa na tiketi za meli ingine, France, lakini kule watoto hawakule pamoya na bazazi, na ule baba akakatala kuachana na babinti wake kwa meza, njo akabadilisha achukue Titanic, klasi ya pili, bakapandia Cherbourg tarehe 10. Fikirini, ni mapendo ya batoto njo ilimupeleka mule.

Akaweka bibi yake na watoto mu mashua, yeye akabakia. Alikuwa na miaka 25. Mwili haikuonekana. Juliette akarudia Ufaransa na mu mwezi wa kumi na mbili 1912 akazala mutoto mwanaume, akamuita Joseph. Na Louise, ule kadogo mwenye alikuwa anagonjwaka, aliishi mpaka mwezi wa kwanza 1998, miaka 87, wakati dunia yote iko mu sinema inalilia Jack na Rose. Filime haimutaye baba yake hata mara moya. Mi minaipenda ile filime, Kate Winslet mule hakuna kama yeye, lakini kama ungetaka muvulana maskini na msichana mwenye familia yake haikuzoea mutu kama ule, walikuwako pale pale mu meli, beko kweli, na batoto.

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)

Lushois, aksanti sana, hii nitaipeleka darasani Jumatatu.

MamaWaKeshero (Goma)

Wandugu aksanti, nimesomea dada yangu yote kwa sauti. Mwalimu, juu ya Murdoch sikujua, na kweli haifai. Kaka wa boti, Mungu akulinde mu kazi yako, na ile ya jile nimeiambia watoto leo leo juu wanapenda kwenda Bukavu kwa shangazi.

Kwa mutoto nimeamua hivi: aangalie, tukiwa pamoja, pale pa kuchora na pale pa motokari nitapeleka mbele bila kusema mengi. Nitaanza kumusimulia Simonne na Louise ili ajue kama watoto wa kweli walikuwamo mbele amuone Jack. Anapenda kuuliza sana, atataka kujua kama yule mama Juliette aliolewa tena na ule mutoto mwanaume alikuwa nani, Lushois kama unajua rudia hapa uniambie.

Na mama ya Rose bado hakuna mwenye amenijibu. Dada yangu anasema hakuna deni yenye inaweza kuruhusu mama kufunga mutoto wake ile korse, tulibishana mpaka chakula kikapoa. Mimi nasema alikuwa anaogopa kushona nguo za watu kwa pesa, anasema mwenyewe mu filamu, na woga kama ule nimeuona kwa wanawake wenye nawaheshimu. Nataka kusikia wengine, hasa wamama.