Nairobi–Kisumu kila wiki: nipandie ndege JKIA au Wilson?

Habari zenu wapendwa. Naombeni ushauri wenu.

Tangu mwezi jana kazi inanipeleka Kisumu kila Jumanne kukagua hesabu za matawi yetu mawili, na narudi jioni hiyo hiyo. Hewani ni kama dakika 50 tu. Kinachonichosha ni yanayotangulia. Naishi Lang'ata, kwa hiyo uwanja mdogo wa ndege wa Wilson uko karibu, ila nauli nilizoziona huko zilikuwa juu. JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, kuna ndege za Kenya Airways na Jambojet, nafasi ya kuchagua ni kubwa, lakini natoka nyumbani saa kumi alfajiri.

Nimejaribu tiketi ya bei ya chini kabisa mara tatu. Mara mbili kikao kilichelewa, nikabadilisha saa ya kurudi, na ada pamoja na tofauti ya nauli vikala chote nilichookoa. Ofisi hurudisha nauli ya kwanza tu, zilizobaki natoa mfukoni. Inaniuma kweli.

Mnaosafiri njia hii mara kwa mara, mnanunua tiketi inayobadilishika tangu mwanzo, au mnakata kwenda na kurudi kwa mashirika tofauti? Na ndege ya mwisho ya jioni kutoka Kisumu, naweza kuitegemea msimu wa mvua?