Naombeni ushauri: kijana amekatwa vidole viwili na mashine kazini, bosi anatoa laki sita na karatasi ya kusaini Jumamosi

Mpapai wa Uwani (mleta mada), Jumatano saa 1:12 usiku

Wakuu habari za jioni. Naomba mwenye uelewa wa mambo ya kazi anisaidie, Jumamosi iko karibu na usingizi sipati.

Kwenye karakana yetu ya samani hapa Keko kuna kijana, wiki tatu zilizopita mashine ya kupasulia mbao ilimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha shahada na cha kati. Ana miaka 22. Hana mkataba wa maandishi, analipwa elfu kumi na mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, na ana mwaka na miezi minne kazini. Bosi amelipa gharama zote za hospitali na wala hajamkimbia, hilo lazima niliseme. Sasa ameahidi laki sita ili mambo yaishe, na ipo karatasi ya kusaini mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Naomba kujua: karatasi ya namna hiyo ikishasainiwa, kijana anaweza kuja kugeuka baadaye? Na laki sita kwa vidole viwili ni haki?

Kiroboto wa Tandale, saa 1:20

Pole kwa kijana. Achukue laki sita, aongezee kidogo atangulize malipo ya bodaboda ya mkataba. Kazi ya mbao imeshamkataa.

Binti Kigamboni, saa 1:24

Mkuu, klachi ya pikipiki inakamatwa kwa mkono wa kushoto, kwa vidole hivyo hivyo alivyokatwa. Unamtakia nini mtoto wa watu?

Kiroboto wa Tandale, saa 1:25

Dah, kweli. Basi bajaji.

Mama Tumaini, saa 1:41

Mimi naumia nikisoma habari hizi. Vijana wanatoka mikoani, wanafika Dar asubuhi, mchana wameshasimamishwa mbele ya msumeno. Hakuna anayewafundisha hata wiki moja. Mwanangu wa kwanza alianza hivyo hivyo kwenye kiwanda cha plastiki, nikamtoa mwenyewe kwa miguu yangu. Mleta mada, nani alimweka huyo kijana kwenye mashine? Na ile mashine ilikuwa na kifuniko cha msumeno?

Mpapai wa Uwani, saa 1:50

Mama, hayo yameshapita. Nauliza kuhusu karatasi.

Dawati la Ajira, saa 2:03

Nimefanya kazi ya rasilimali watu miaka tisa, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo.

Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, chini ya sheria ya 2008. Ulianza kukusanya michango Julai 2015 na kulipa mafao Julai 2016. Mwajiri ndiye anayechangia peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Mtu akiumia kazini, Mfuko unagharamia matibabu, unamlipa asilimia 70 ya mshahara akiwa hawezi kufanya kazi, hadi miezi 24, na baadaye daktari anapima ulemavu wa kudumu. Ulemavu ukiwa asilimia 30 au chini analipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo analipwa pensheni kila mwezi.

Sasa chukua kalamu. Elfu 12 mara siku 26 ni 312,000 kwa mwezi. Asilimia 70 yake ni 218,400. Akikaa nyumbani miezi mitatu tu kidonda kipone, hiyo ni 655,200. Laki sita ya bosi imeshapitwa na hatujavigusa vidole.

Kukosa mkataba wa maandishi kusimtishe. Makubaliano ya mdomo yanatosha kumfanya awe mfanyakazi mbele ya sheria.

Kinachonishangaza ni bosi. Kama anachangia, anayelipa ni Mfuko, mfukoni mwake haitoki hata shilingi. Anatoa laki sita za nini? Nahisi hajajisajili kabisa, na hilo kwa mwajiri ni kosa la jinai. Mleta mada, hiyo karatasi imeandikwa nini hasa?

Mpapai wa Uwani, saa 2:15

Imeandikwa tu kwamba amepokea fedha na hana madai.

Mzee wa Korona, saa 2:22

Wajukuu, mmenikumbusha mbali. Mjomba wangu alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, Tanga, anasimama kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge kutoa singa. Ilimchukua mkono mpaka kwenye kiwiko. Sheria ya wakati ule ilikuwa imeweka kikomo cha fidia ya ulemavu wa kudumu kuwa shilingi 108,000, na kikomo hicho kiliachwa hivyo hivyo shilingi inashuka mwaka hadi mwaka, mpaka ilipokuja hii sheria anayoisema Dawati. Mjomba alinunua mbuzi na mabati ya nyumba ya chumba kimoja. Mbuzi walikufa. Aliishi miaka ishirini na tatu baada ya hapo akifungwa vifungo vya shati na shangazi kila asubuhi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimchongea kalamu ya kusainia risiti zake za kanisani, kwa sababu hakuweza kuishika na kuichonga.

Kijana huyo ana miaka 22. Atafunga vifungo kwa miaka mingapi?

Pwani Mchangamwe, saa 2:31

Kwetu Kenya ni sheria ya 2007, mwajiri anawakatia wafanyakazi bima. Ulemavu kamili wa kudumu huhesabiwa kwa mshahara wa miezi 96, ukiwa si kamili unapata sehemu yake. Lakini hapa Mombasa pia karatasi za "nimeridhika" zimejaa. Nimewaona makuli wakizisaini juu ya magunia.

Dawati la Ajira, saa 2:38

Nashukuru Mzee, nashukuru Pwani. Mpapai, "imeandikwa tu" hainitoshi. Tuwekee maneno yenyewe, neno kwa neno, jina la kijana uliache.

Mama Tumaini, saa 2:44

Nami nasubiri.

Mpapai wa Uwani, saa 3:19

Sawa. Imeandikwa hivi: "Mimi nakiri kwamba niliumia siku ya Jumapili nikiwa nyumbani nikipasua kuni, na kwamba mwajiri wangu amenisaidia kwa moyo wa huruma shilingi 600,000, na sitamdai chochote."

Aliumia Jumanne saa nne asubuhi, kazini. Hospitali nako iliandikwa hivyo hivyo, kuni, nyumbani. Na kati ya laki sita, laki mbili ameshapewa. Zimelipa kodi ya chumba, nyingine imetumwa kwa mama yake Handeni.

Lakini naomba msimhukumu bosi haraka. Karakana ina watu kumi na mmoja. Serikali ikija na faini, inafungwa, na wote kumi na mmoja wanarudi nyumbani na watoto wao. Huyu bosi amewahi kunikopesha mke wangu alipojifungua kwa upasuaji, hakuniwekea riba. Kijana mwenyewe ameridhika. Nimekuja hapa kuhakikisha tu kwamba jambo likimalizika limemalizika.

Kiroboto wa Tandale, saa 3:24

Kama kijana karidhika mnamsumbua nini? Kesi za Bongo unazijua, utazungushwa hadi vidole viote.

Mama Tumaini, saa 3:27

Kiroboto, vidole havioti.

Dawati la Ajira, saa 3:40

Mpapai, jambo hilo halimaliziki. Fidia ni haki ya kisheria, haifutwi na karatasi ya mtaani, hata ikigongwa mhuri na mwenyekiti. Kinachoweza kuiua ni uongo wa kwenye cheti cha hospitali, kwa sababu hapo ndipo Mfuko unapoanzia kusoma. Huo uongo unarekebishika sasa, wiki ya tatu, mashahidi wakiwa bado wanakumbuka. Mwajiri alitakiwa kutoa taarifa ndani ya siku saba, ameshachelewa, lakini haki ya kijana inakaa miezi 12 tangu ajali. Kurudisha laki mbili si sharti. Ilikuwa msaada, na bosi mwenyewe ndivyo alivyoandika.

Kipanga Mtoro, saa 3:52

Samahani wakuu, nimeusoma uzi wote mara mbili. Hii ni chai.

Angalieni maswali ya mleta mada. Swali la kwanza kabisa: kijana anaweza "kuja kugeuka"? Mtu aliye upande wa majeruhi haulizi hivyo. Anajua mshahara, anajua karatasi neno kwa neno, anajua laki mbili zimekwenda wapi, lakini swali la mashine amelikwepa. Ama hakuna kijana wala kidole, ama mleta mada ndiye bosi mwenyewe, anatutumia sisi kama wakili wa bure.

Binti Kigamboni, saa 3:55

Mungu wangu. Ni kweli, hajajibu habari ya kifuniko.

Kiroboto wa Tandale, saa 3:56

Bosi karibu. Ongeza iwe milioni.

Pwani Mchangamwe, saa 3:59

Kama ni bosi, Dawati amempa masomo ya bure. Mod fungeni uzi.

Dawati la Ajira, saa 4:06

Uzi usifungwe. Kama ni bosi, amesikia kwamba karatasi yake haina kazi, na hilo lina faida. Kama si bosi, kuna mtu anaogopa kitu. Mpapai, wewe ni nani kwa huyu kijana?

Mpapai wa Uwani, saa 5:33

Nimekaa nje na simu tangu saa nne.

Mimi ni msimamizi wa karakana. Kijana ni shemeji yangu, mdogo wake wa mwisho mke wangu. Nilimfuata mimi mwenyewe Handeni, mama mkwe akanikabidhi mbele ya wazee. Siku ile tulikuwa na oda ya madawati, tumechelewa siku nne. Kifuniko cha msumeno nilikitoa mimi, miezi miwili kabla, kwa sababu kilikuwa kinapunguza kasi kwenye mbao nene. Sikukirudisha. Shemeji alikuwa mpanga mbao. Aliyekuwa akiendesha mashine hakuja, nikamwambia asimame yeye.

Hospitali aliulizwa nini kimetokea, akanitazama. Nikajibu mimi. Kuni, nyumbani. Bosi aliniambia hivyo kwenye simu tukiwa njiani, lakini mdomo ulikuwa wangu. Karatasi pia nimeandika mimi kwa mkono wangu.

Naogopa wakija kukagua watauliza nani alitoa kifuniko. Na naogopa zaidi mke wangu, anajua ni ajali ya bahati mbaya tu.

Mama Tumaini, saa 5:41

Baba, pole. Nilikuwa na maneno makali, nimeyafuta. Huyo mtoto alikutazama hospitali kwa sababu kwa Dar nzima hana mtu mwingine.

Dawati la Ajira, saa 5:50

Sikiliza vizuri, hili nilipaswa kulisema mapema. Mfuko haulipi kwa kutafuta nani alikosea. Kijana hahitaji kuthibitisha uzembe wa bosi wala wako. Anahitaji kuonyesha kwamba aliumia akiwa kazini, kwa sababu ya kazi. Basi. Suala la kifuniko ni la OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, nao watauliza, na utajibu. Sikudanganyi kwamba halitakugusa. Lakini msimamizi anayejitokeza mwenyewe hayuko sawa na anayekutwa ameandika karatasi ya kuni. Hiyo ukiipeleka Jumamosi, utakuwa umemtengenezea shemeji yako ushahidi wa uongo dhidi yake mwenyewe.

Kipanga Mtoro, saa 5:54

Nilikosea kusema hakuna kijana. Samahani, mkuu.

Mzee wa Korona, Alhamisi saa 11:20 alfajiri

Mwambie mkeo kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Na mama mkwe umpigie wewe, asipigiwe.

Mpapai wa Uwani, Alhamisi saa 12:48 asubuhi

Nimemwambia. Amelia, hajanijibu neno mpaka sasa, lakini amempigia mdogo wake na amemwambia avae, wanaondoka wote wawili na mimi. Bosi nimemtumia ujumbe kwamba leo siji na kwamba Jumamosi hakuna kusaini. Hajajibu. Karatasi ninayo kwenye begi.

Dawati, naomba la mwisho: tuanzie WCF au hospitali?

Dawati la Ajira, saa 12:55

Hospitali kwanza, kwa daktari aliyemshona. Usiende dirishani peke yako, aingie yeye aeleze kwa mdomo wake, wewe kaa pembeni ukiri ulichosema siku ile. Ombeni maelezo yaandikwe upya kwenye faili, na muondoke na nakala. Kisha WCF, na majina na simu za wenzenu wawili waliokuwepo Jumanne ile. Huduma yao hailipiwi, mtu wa kati akijitokeza mlangoni mpite. Hiyo karatasi usiichane. Nenda nayo.