Msimamizi wa mirathi kajigeuza mwenye nyumba, na ukoo mzima unamlinda

Wakuu, salaam. Nina hasira, atakayekwazika na lugha anisamehe.

Marehemu baba alituachia nyumba Magomeni. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, uani viwili vingine, mbele fremu mbili za duka. Mama yuko hai, anaishi humohumo. Watoto tuko watano: wa kiume wawili, wa kike watatu. Baada ya arobaini ukoo ukakaa, kaka mkubwa akapendekezwa awe msimamizi, muhtasari ukaandikwa, wazee wakasaini, Mahakama ya Mwanzo ikampa barua yake. Ndiye mkubwa, nani apinge?

Tangu hapo ile barua kwake imekuwa hati. Wapangaji wanamlipa yeye, miezi sita sita, na senti haionekani. Dawa za presha za mama tunachangishana sisi wa kike. Fremu moja kampa shemeji yake akae bure. Juzi mpangaji wa uani ananiuliza kwa upole, "Dada, mwenye nyumba katuambia tuhame mwisho wa mwezi, kwani mnajenga?" Mwenye nyumba! Kumbe kuna dalali anazungusha wateja. Na tangu mabasi ya mwendokasi yaanze Barabara ya Morogoro mwaka 2016, wanaokuja pale hata nyumba hawaiangalii, wanapima kiwanja kwa hatua.

Nikamfuata kaka. Jibu lake: "Nyie mmeolewa, mna kwenu."

Haya, tupige hesabu, maana kwenye kikao ni yeye aliyesema sisi Waislamu tutagawana kidini. Sawa. Mama thumni, moja ya nane. Saba zilizobaki, wa kiume mbili mbili, wa kike moja moja. Inatoka sawasawa, haibaki hata chenji. Fungu lake ni mbili kati ya nane, sita si zake! Dini anaikumbuka pale mwanamke anapopata nusu ya mwanamume. Ikifika zamu ya kuitoa hiyo nusu, anageuka mtu wa mila. Mila ipi, wakati sote tumezaliwa Magomeni?

Na mama akiwa bado eda aliletewa karatasi aweke dole gumba, eti ni ya kubadilisha jina la mita ya maji. Mpaka leo hatujaiona hiyo karatasi.

Lakini kaka simlaumu kama ninavyowalaumu wazee. Nimeenda kwa baba mkubwa: "Mwanangu, msianikane, yamalizeni kifamilia." Nimeenda kwa shangazi: mahakamani ni aibu, marehemu hatapumzika. Hivi ujanja uliopo hapo hawauoni? Kumaliza kifamilia maana yake kikao. Kikao akiitwa, ana safari. Akirudi, baba mkubwa anaumwa. Kinaahirishwa, na huku kodi inaingia mfukoni kwake. Kila tunavyotunza heshima ya ukoo, yeye anakusanya. Mwenye funguo atakuwa na haraka gani ya suluhu? Na ni wazee haohao waliosaini ule muhtasari alioupeleka mahakamani. Kusaini haikuwa aibu, kuuliza hesabu ndiyo aibu?

Kanuni za mirathi za Mahakama za Mwanzo za mwaka 1971 ziko wazi. Ndani ya miezi minne msimamizi apeleke orodha ya mali na madeni, fomu namba 5, kisha awe anapeleka hesabu, fomu namba 6. Anaweza kuomba aongezewe muda, lakini huyu hajaomba chochote. Nimeulizia kwenye jalada, hamna kitu. Mwaka na ushei huu! Usimamizi ni kazi ya kukusanya, kulipa madeni na kugawa, basi. Haukupi nyumba.

Wanasheria wa humu, nisaidieni. Nianze kwa kumwandikia hakimu ili aitwe alete hesabu, au niombe moja kwa moja atenguliwe? Na je, zuio la nyumba isiuzwe, kwa Msajili wa Hati, naweza kuliweka mimi kama mrithi, wakati hati bado ina jina la marehemu? Mama akisema hakuelewa alichokiwekea dole gumba, hilo linasikilizwa?

Wale wa "wagombanapo ndugu chukua jembe ukalime" piteni kushoto. Nasikia dalali kashapokea advansi, nataka majibu kabla ya Jumatatu.