Mama anameza vidonge vya kisukari na lehemu: je, aendelee na uwatu, mlonge na dawa ya chupa?

Kijana wa Ngamiani (swali)
Wakubwa shikamooni, na wa rika langu habari zenu. Mama yangu mzazi ana kisukari cha aina ya pili, na kliniki wamempa metformini na glibenklamaidi, pamoja na atorvastatini anayomeza usiku kwa ajili ya lehemu (mafuta ya kolesteroli katika damu). Hivi karibuni jirani alimletea dawa ya miti shamba katika chupa ya maji isiyo na lebo, pamoja na unga wa majani ya mlonge na mbegu za uwatu, akamwelekeza anywe vyote asubuhi kabla ya kula na vidonge aviache taratibu. Sukari yake kabla ya kula ilikuwa 9.4 (kwa kipimo cha mmol/L) na sasa imeshuka hadi 5.1, naye amefurahi mno, ila siku hizi ikikaribia adhuhuri hutokwa na jasho na mikono humtetemeka. Sipendi kumvunja moyo, maana miti shamba ameikuta kwa bibi. Je, vitu hivi vinakwenda pamoja?

Mfamasia wa Zamu
Ndugu yangu, habari ya mlonge ingoje kwanza. Jasho na mtetemeko huo ni dalili za sukari kushuka kupita kiasi, hivyo zikitokea mpime papo hapo. Akiwa chini ya 4, mpe maji yaliyokorogwa vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, umpime tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akipoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Glibenklamaidi hulisukuma kongosho litoe insulini hata kama mtu hajala, kwa hiyo kuiongezea mmea unaoshusha sukari huku tumbo likiwa tupu ni kuzidisha dozi bila kujua. Chupa hiyo ndiyo inayonitia shaka zaidi, kwa kuwa katika nchi mbalimbali wakaguzi wamewahi kukuta dawa za “asili” zilizochanganywa na glibenklamaidi yenyewe. Asiinywe tena. Ipelekeni kliniki, na vidonge asiviache wala kuvipunguza kwa uamuzi wake.

Bi Mkubwa wa Jikoni
Mwanangu, marahaba. Uwatu usiutupe. Uliolowekwa usiku kucha hutoa ute mzito, na ute huo ni nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari ya chakula kuingia katika damu na kusaidia kidogo upande wa lehemu. Kwa sababu hiyo hiyo unaweza kuchelewesha vidonge, basi viachane saa mbili hivi. Autumie kama mboga, kwa kiasi cha mboga, na daktari aambiwe. Karela, lile tunda chungu la mboga, nayo hushusha sukari. Kuipika mara moja moja si sawa na kukamua glasi nzima ya maji yake kila alfajiri.

Msomaji wa Arusha
Naongeza moja. Mwaka 2011 maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, wakiamini kinaponya hata kisukari, na wapo waliorudi wakaacha dawa zao. Hata hivyo anayesema hospitali inaidharau miti hajui kwamba metformini yenyewe ina asili katika utafiti wa mmea wa galega, uliotumiwa Ulaya tangu zamani. Tofauti ni kwamba kidonge kinajulikana kina miligramu ngapi. Vivyo hivyo mchele mwekundu uliochachushwa, unaouzwa kama tiba ya lehemu, una monakolini K, ambayo ni kitu kimoja na dawa ya lovastatini, ndugu wa atorvastatini; anayemeza atorvastatini akiuongeza, anajitafutia maumivu ya misuli na madhara ya ini.

Kijana wa Ngamiani
Nawashukuru nyote. Leo saa tano alipoanza kutoka jasho tulimpima, ikasoma 3.3, baada ya maji ya sukari ilipanda na ameshakula. Mchana huu tunakwenda kliniki na chupa yetu. Je, niombe kipimo gani kingine?

Mfamasia wa Zamu
Omba kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, kwa sababu figo zikidhoofika glibenklamaidi hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na huenda daktari akaona heri kuibadilisha. Omba pia HbA1c, inayoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, ile 5.1 ya asubuhi haisemi lolote kuhusu saa tano.