Leseni ya injini moja, ndege ya injini mbili

Wakubwa, shikamooni. Niko Texas, nina leseni ya urubani binafsi: ndege, injini moja, nchi kavu. Mwenzangu kazini ana ndege ya injini mbili, anasema tuchangie mafuta, nishike usukani na niandike saa za kuruka kwenye daftari langu. Halafu leseni yangu inasema kategoria ni "ndege", hati ya ndege yake inasema kategoria ni "kawaida". Nani mwongo?

—

Marahaba, mdogo wangu. Hakuna mwongo, ila FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, wamelipa neno moja kazi mbili. Kwa rubani, kategoria ni kundi pana: ndege, helikopta na jamaa zake, glaida, puto na vyombo vingine vyepesi kuliko hewa. Klasi inachambua ndani yake. Kwa ndege ziko nne, injini moja au zaidi, za nchi kavu au za majini. Kwenye hati ya ndege mambo yanageuka. Kategoria inataja matumizi (kawaida, sarakasi, uchukuzi), na "ndege" inashuka kuwa klasi.

Usukani shika, saa usiandike. Huwezi kujiandikia saa za urubani mkuu, yaani za rubani mwenye dhamana ya safari, bila klasi ya chombo chenyewe. Mimi niliandika 11. Mtahini akaweka kidole kwenye ukurasa, akauliza, "Leseni yako inasemaje?" Zikaenda na maji. Mwenzako angekuwa mwalimu wa injini mbili, ungeziandika kama mafunzo.

Kuongeza klasi si kazi kubwa: hurudii mtihani wa kuandika, wala hakuna idadi ya saa iliyowekwa. Mwalimu akiona umeiva anakusainia, unafanya mtihani wa kurusha. Jasho liko kwenye injini kuzimika. Pua inavutwa upande wa injini iliyokufa, unakanyaga pedali ya upande mwingine, na mguu uliobaki bila kazi ndio unaokuonyesha injini ipi imezima. Mshale wa kasi ukishuka chini ya mstari mwekundu, pedali haitoshi tena kuinyoosha ndege.

—

Naongezea. Kama si raia wa Marekani, hata ukiwa na kadi ya kijani, mafunzo ya injini mbili yanahitaji kwanza kibali cha TSA, idara ya usalama wa usafiri. Mwenzetu mmoja alilipia wiki nzima ya mafunzo, akaikalia bure akisubiri.

—

Asanteni. Na jeti ndogo je?

—

Jeti yoyote, au ndege yenye uzito unaozidi pauni 12,500, inadai ruhusa ya kurusha aina hiyo hasa ya ndege. Maliza injini mbili kwanza, bwana.