Upepo wa Makambako unanimalizia parachichi, nipande mti gani?

Mkulima Mpya: Wakuu habari zenu. Nina parachichi za Hass nje kidogo ya Makambako, huu upepo wa kiangazi ni balaa, maua yanapukutika, vitunda vinasuguana na matawi vinapata makovu na mnunuzi akiona kovu anaweka pembeni. Mti gani unakua haraka? Nimechanganyikiwa kwa kweli.

Baba Neema: Jenga ukuta wa tofali ulale.

Shamba Darasa: Ukuta hapana. Upepo ukigonga kitu kisichopenyeka unaruka juu halafu unajibwaga nyuma yake unazunguka. Unatakiwa uzio unaopitisha kama nusu ya upepo. Mstari ukikingama vizuri, miti ya mita 10 inapunguza makali mpaka kama mita 100 ndani ya shamba. Panda migrivelia, matete yakukinge wakati inakua, na usiache pengo, hapo ndio upepo unachomoka kwa kasi.

Dada Sikitu: Kwetu Dodoma tulizungushia minyaa, utomvu ukamwingia mdogo wangu jichoni tukakesha hospitali. Kama una watoto angalia sana.

Shamba Darasa: Mkuu hujasema upepo unatokea wapi na upande huo kuna nini.

Mkulima Mpya: Kusini mashariki. Kuna kijito. Ila miche ya milingoti, yaani mikaratusi, nishalipia na mashimo yapo tayari, na mlingoti unakimbia sana kukua.

Shamba Darasa: Milingoti kando ya kijito?! Inakunywa maji hiyo, parachichi zako zitabaki na kiu. Halafu Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Mkulima Mpya: Mbona jirani kapanda na hajaguswa?

Mama Ushauri: Vijana mnaomba ushauri mkiwa mshaamua. Na hao wanaochota maji huko chini hukuwafikiria?

Jicho Kali: Ngojeni kwanza. Huyu si alikuwa analia na alizeti Singida, uzi wake upo. Leo Hass Makambako? Hii chai, uongo mtupu.

Mkulima Mpya: Singida ni shamba la baba, hili ni la kwangu na mke wangu. Picha kesho.

Jicho Kali: Weka leo, jua bado lipo.

Shamba Darasa: Iwe chai isiwe chai, kuna wenye shida hii wanasoma. Muombe muuzaji akubadilishie upate migrivelia, na mstari ukae mbali kidogo na parachichi mizizi isigombanie mbolea.

Mkulima Mpya: Anasema hela hairudi ila kubadilisha miche anakubali. Sasa yale mashimo ya kijitoni nifukie au niweke matete?